Masale ya Kidia

Nilipanda Kidia na mashine begani,
ile inayoongea na setilaiti,
buti za kazi, daftari la kampuni,
nikaambiwa: kabla hujachomeka kigingi
kaongee na shangazi Ndeonansia.

Ndeonansia ana miaka themanini na minne
na jino moja analoliita Shahidi.
Alikuwa anamenya ndizi za mtori,
kisu kikitembea bila macho yake.
Hakuuliza habari za mjini.
Aliuliza: "Yule kijana mfalme unamkumbuka?"

Namkumbuka. Nilifundishwa kipaimara na mumewe,
mwinjilisti Elinami, kiboko kwapani:
kijana aliyewauliza wazee,
wakamwambia sema na watu kwa upole,
akageukia rika lake, wale aliocheza nao,
akatoka na maneno ya nge,
na kabla jua halijazama
makabila kumi yalikuwa yameshafunga mizigo.

"Basi," akasema. "Kaa. Menya."

Nikamenya. Utomvu ukaniganda vidoleni.
Nyuma ya jiko mfongo ulikuwa unapita,
maji ya zamu, Jumanne ni yetu,
mfereji wa watu ambao majina yao
hakuna aliyeyaandika,
na bado maji yanaijua njia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mawaidha.
Nayajua: mvi ni taji,
mwana asikie,
alama ya mpaka ya baba zako usiiguse.
Shingo yangu ilishakuwa tayari kuitikia.

Badala yake akanishusha hadi mwisho wa kihamba,
pale kahawa yetu inapoonana na ya kina Mshiu,
akanyoosha kisu kwenye mstari wa masale.
"Hesabu."
Kumi na tisa, yamenyooka kama mabenchi ya kanisani.
Kisha saba yanapinda, yanaingia kwa jirani
hatua mbili, mbili na nusu,
kisha yanarudi
kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Babu yako," akasema.
"Mwaka aliokufa Mshiu, mjane akiwa bado na nguo nyeusi.
Usiku. Taa ya chemli niliishika mimi,
nina miaka kumi na mmoja.
Jumapili yake alisoma somo mbele ya watu
na sauti haikutetemeka."

Mashine ikalia begani: setilaiti kumi na nne.
Zote zilikubaliana na babu.

Nikamwuliza, shangazi, miaka yote hii?

"Nilingoja kuulizwa.
Mliuliza hati. Mliuliza bei. Mliuliza nani atarithi migomba.
Tumeambiwa tuwaulize wazee;
sikuona palipoandikwa wazee wajipigie kengele."
Akakaa juu ya jiwe, pole pole, goti moja kwanza.
"Na niliona haya, nisikudanganye.
Lakini Kitabu hakikuwafunika wazee wake:
yumo aliyelewa hemani mwake,
yumo aliyemkana mkewe kwa kuogopa,
yumo mfalme wa darini, na macho yake.
Kama wale waliachwa wazi ili sisi tujifunze,
mimi ni nani nimpake baba yangu chokaa?"

Sikuwa na la kuitikia. Shingo ilikuwa imekauka.

Akakata jani moja la isale, katika yale saba,
akalifunga fundo, akanipa.
"Hili halikataliwi. Beba wewe,
mimi nimebeba taa, imetosha."

Tukavuka. Mjukuu wa mjane, Kaanaeli,
alikuwa amelala ubavu chini ya pikipiki,
grisi hadi viwikoni.
Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.
Maneno hayakuja.

Akalitazama. Akanitazama.
Akamwona shangazi nyuma yangu, ameinamisha kilemba.
Akafuta mikono kwenye suruali, bila haraka,
kisha akageukia mlango wa jiko:

"Mama! Njoo uone.
Jani hili, wazee walikuwa wanasemaje?"