Nafasi ya Maoni

Bwana Mthibiti, umeuliza mbinu zangu.
Safu ya andalio la somo ina upana wa vidole viwili;
nimeandika "maswali na majibu",
nikapiga mstari, nikasaini.

Lakini si hayo tu.

Darasa la Nne B, hapa Igombe: watoto tisini na mmoja,
madawati ishirini na mawili, wanne wanne.
Piga hesabu. Watatu hukalia ndoo zilizopinduliwa,
kwa zamu, na zamu naipanga mimi.

Masatu hulala kipindi cha kwanza.
Alfajiri alikuwa mwaloni, akipakua dagaa
kabla karabai hazijazimwa.
Simwamshi. Namwambia Holo, jirani yake,
amwandikie tarehe tu kwenye daftari,
ili akizinduka aikute siku imeshaanza
na yeye yumo.

Lugiko ana kigugumizi.
Neno humkwama kama mwiba wa sato.
Zamani ningemmalizia.
Sasa nageukia dirisha, nahesabu mawe ya kilimani,
jiwe, na jiwe juu yake, na lile lililoegemea,
na darasa limejua kuhesabu nami, kimya.
Siku moja tulifika jiwe la kumi na tisa.
"Sa... saba," akasema.
Jibu lilikuwa nane.
Tulipiga makofi hata hivyo,
kisha tukarudi wote kuitafuta ile moja.

Mvua ya ziwani ikishukia bati
hakuna sauti ifikayo dawati la pili.
Nafundisha kwa vidole.
Siku hizo Lugiko huwa wa kwanza.

Kabula alijibu "mpungati", darasa likaangua kicheko,
na nusu yao ndivyo wanavyohesabu nyumbani.
Mimi mtu wa Lushoto. Nililiandika ubaoni, nikalikosea.
Akaja mbele, akaichukua chaki mkononi mwangu,
akanisahihisha.

Fimbo ipo, juu ya kabati.
Naonyeshea Ukerewe kwenye ramani.

Sikuanza hivi.
Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na Nyamizi.
Alisimama kujibu, midomo ikitafuta pa kuanzia.
Nikamwambia: haraka, muda hatuna.
Akakaa.
Jumatatu hakuja, wala Jumanne,
na mimi nilikuwa na mada za kumaliza.
Siku hizi anaanika dagaa kule mchangani, mtoto mgongoni.
Nikipita hunyanyuka, hupangusa mikono kwenye kanga,
shikamoo mwalimu, kwa heri mwalimu,
haraka haraka,
kama nilivyomfundisha.

Sijui hilo linaingia hatua ya ngapi,
utangulizi au tathmini.

Kengele hiyo. Masatu ameinua kichwa,
shavu lina alama ya mbao,
anaisoma tarehe kwa mwandiko wa Holo.
Kama bado wataka niandike, niazime kalamu.
Yangu anayo Kabula.