Tundu la Kebo

Haitham amesimama mbele ya ile nyembamba,
ya rangi ya fedha, nyembamba kama chapati ya maji.
Ameiinua kwa vidole viwili. "Mama, hii."
Kibodi yake inawaka nyekundu, samawati, zambarau,
utadhani ndani kuna harusi.

Nje, Spring Bank imelowa. Mvua ya Hull hainyeshi,
inaning'inia tu hewani
kama mtu aliyekuja kukopa akaona haya kusema.

Mimi nina karatasi.
Niliiandika usiku wa zamu, nyuma ya risiti,
Bi Maureen amelala, mlango wazi:
kumbukumbu, gigi kumi na sita, si nane.
Betri ya saa sita; basi la chuoni halina pa kuchomeka.
Na mwisho, mwalimu alilipigia mstari mara mbili,
tundu la kebo ya mtandao.

"Nane zinatosha, Mama. Zinawatosha watu wote."
Hazitoshi, baba.
Ndani ya mashine moja nitajenga nne za kufikirika,
na kila moja itadai pake pa kukumbukia.
Nimeshaona kumbukumbu ikijaa hadi ikamwagika:
Bi Maureen huniuliza jina saa mbili, huniuliza saa tatu,
nami humjibu Mwanahamisi, Mwanahamisi,
kama kwamba ndio kwanza tunaonana,
naye kila mara husema, jina zuri hilo.

Kazimierz mwenye duka anamenya chungwa,
vidole vina makovu ya lihamu.
Naigeuza ile nyembamba. Ubavu huu, ubavu ule.
Laini kama samaki aliyeparwa.
"Kebo inaingilia wapi?"
"Haiingii. Siku hizi ni hewani tu.
Au ununue kichomeko cha pembeni, pauni kumi na tano."

Kwa Kiingereza tundu lile na bandari ni neno moja.
Nikacheka peke yangu:
mji mzima umeota gatini,
na mashine haina pa kufungia kamba.

Akafuta mikono, akaingia nyuma, akarudi na tofali.
Nyeusi, nene, ya ofisi fulani iliyofungwa,
pembe imechubuka, stika imebanduliwa ikaacha gundi.
Herufi E imefutika kabisa.
Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mwingereza;
mimi nitaimaliza A.
Akalegeza skrubu za tumboni, akanionyesha nafasi tupu:
"Hapa utaongeza. Hapa utabadilisha.
Ikianguka, ihurumie sakafu."
Na pale ubavuni, tundu,
la mraba, kama mdomo wa mtoto anayengoja kijiko.

Pauni mia na themanini.
Nilihesabu mara mbili, na mara mbili ilikuwa mia na sabini.
Haitham hakusema kitu.
Alitoa noti ya kumi mfukoni, imekunjwa mara nne,
akaiweka juu ya maganda ya chungwa,
akaenda kuitazama tena ile ya harusi.

Usiku nikachomeka kebo. Ikalia ta!
Amri ya kwanza tuliyofunzwa ni ya kubisha hodi:
unaiandika anwani, unangoja mtu aitikie.
Kwetu hodi ni tatu; usipojibiwa unageuza visigino.
Hii hubisha nne.
Nikabisha kwenye mashine ya Haitham, chumba cha pili.
Kimya. Kimya. Kimya. Kimya.
"Haitham! Umefunga ukuta wako?"
Kiti kikaburutwa. "Ngoja... Haya. Jaribu."

Nne zikaenda, nne zikarudi,
moja moja, kwa milisekunde tatu.
Nikabisha tena, sina shida yoyote,
nisikie tu nikiitikiwa.