Ramli ya Bisibisi

Jumamosi, saa kumi na moja jioni,
mtaa wa Santa Ifigênia unashusha milango yake ya bati,
na wale wanne wanaingia dukani kwangu kama ada.
Hawana cha kutengenezwa. Wana midomo tu.
Wanakalia maboksi, wanaanza kuipigia ramli
konsoli ambayo haijazaliwa.

Uéslei anasema chipu yake itakuwa nyembamba
kuliko ukope wa sisimizi.
Tarcísio anabisha: acha wembamba, taja memori,
memori pana, mji mzima ukae humo
na kila dirisha liwe na mtu wake anayepika.
Gilmar anaapa kwa marehemu mama yake
kwamba haitakuwa na feni,
itapoa yenyewe, kimya, kama uji uliosahaulika.
Wa nne, Osvaldo, hasemi. Anahesabu kwa vidole:
bei, ushuru, awamu ishirini na nne,
na vidole vinamwishia kabla ya deni.

Mimi Iraci nalehemu, moshi wa risasi machoni.
Miaka kumi na tisa nazijua mashine kwa vifo vyake.
Kila moja iliahidi ukimya ilipokuwa dirishani,
kila moja ililetwa hapa
ikivuma kama pasi ya mvuke.
Kipya kinyemi ingawa kidonda,
na vidonda vyote vya mji huu
njia yao ni meza yangu.

Basi mkitaka kuijua ya kesho
msiniulize itakimbia kiasi gani.
Niulizeni itaumwa wapi.
Itaumwa shingoni, waya wa runinga unapoingia,
kwa sababu nyumba zitaendelea kuwa na mbwa.
Itaumwa mapafu: vumbi, manyoya,
unga wa muhogo wa bibi anayekaangia sebuleni.
Itaumwa na mende.
Mende hawasomi matangazo;
wao wanatafuta joto tu, na giza, na pa kutagia.
Hata hiyo yako isiyo na feni, Gilmar,
itakuwa na ufa mmoja wa kupumulia,
na mende ataupata kabla ya mwenye nyumba
hajamaliza kusoma karatasi ya maelekezo.

Wanacheka. Nacheka nao, lakini nimenyamazia jambo.

Nasikia itakuja bila skrubu.
Imegandishwa kwa gundi mwili mzima, kama yai:
ukitaka kujua kilichomo, uvunje.
Na baada ya hiyo, wanasema,
haitakuwepo mashine kabisa.
Mchezo utakaa kwenye jumba fulani la mbali, lenye baridi,
uje kwako kupitia waya,
na nyumbani ubaki na pedi na ankara.
Siku hiyo nani atabisha hodi hapa
amebeba nini kwapani?
Bisibisi zangu thelathini na moja
nimezipanga kwa urefu, kama watoto wa shule
waliosimama mstarini
wakimsubiri mwalimu aliyehama.

Kauê, mwana wa Gilmar, ana miaka tisa.
Saa nzima amekuwa chini ya meza
akichora nyuma ya risiti.
Ananionyesha: sanduku, miguu minne, na mlango.
Mlango wenye bawaba, kama wa friji.
"Ukifungua, taa inawaka ndani," anasema,
"uone kilichoharibika."

Wanne wale wamehamia kwenye bei ya pedi,
hawakusikia.
Naivuta karatasi chini ya balbu.
Bawaba amechora mbili, upande ule ule,
na mahali pa kushika pametosha vidole vinne.
Wahandisi wangapi, vioo vingapi, vyumba vyeupe vingapi,
na hakuna aliyefikiria taa.

Namwambia: lakini mashine ikifa
taa itapata umeme wapi?

Anaichukua kalamu yangu sikioni, bila kuomba.
Anachora betri.
Kubwa kuliko mashine.