Visu Visivyokata Kitunguu

Cha kwanza kilikuwa ndani ya bitana ya koti la mtumba
nililokuwa nalipunguza mabega, hapa Kiboriloni.
Mkasi uligonga chuma.
Mwenye koti akaapa: si chake, hakijui.
Hakikuwa na mti mpinini, hakikuwa na makali,
ncha tu, na uzito uliotulia kiganjani
kama yai la bata.

Sasa ninavyo ishirini na tatu.
Viwili vya springi ya Landrova, kazi ya Ndewirwa wa Mamba,
aliyenitazama mikono kwanza, ndipo uso,
akauliza, "Mama, una ugomvi na nani?"
Kimoja kilikuwa tupa; mistari yake bado inakwaruza kidole.
Vitatu vya tumbo moja alivileta mpagazi,
kapewa na mgeni badala ya bakshishi.
Nilimshonea suruali mbili. Hakuna aliyepunjika.

Vinalala kwenye turubai, kila kimoja na mfuko wake,
uzi wa viatu, mshono wa kurudia.
Navipaka mafuta ya cherehani Jumapili baada ya ibada ya kwanza,
masika mara mbili.
Gogo ni la mkaratusi. Duara nimelichora
kwa chaki ya kukatia nguo,
na futi kamba ikishuka shingoni hunipimia ardhi:
hatua tano, kisu kinageuka nusu,
hatua nane, kinageuka kizima.
Ukikaza mkono, kimekukataa.
Ukikitazama chenyewe badala ya gogo, kimekukataa.
Mimi kilinikataa miaka miwili.
Kuku wa Mama Aisaria ni mashahidi.

Krismasi hii mashemeji walipanda kutoka Dar.
Mbuzi kafungwa mgombani, Elingaya anakunja mikono ya shati:
"Tusihangaike, nyumba hii ina visu kushinda bucha."
Nikakunjua turubai. Wakanyamaza kama wako kanisani.
Akachagua kirefu, akakipitisha kwenye kidole gumba.
Akachagua kingine,
akakijaribu kwa kitunguu.
Kitunguu kikabonyea, kikateleza, kikaingia chini ya kabati.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Tulikwenda kuazima kwa jirani.

Jioni, mbwa wakigombania mifupa,
alinifuata nyuma ya migomba.
"Sasa shemeji, vya nini?"
Sikuwa na jibu lenye mpini.
Nikampa kimoja.
Kikagonga ubavu, kikaanguka.
Akaokota. Akarusha. Akaokota.
Giza lilikwisha kuila chaki
tuliposikia ule mlio,
ta,
mfupi, kama neno la mtu asiyependa maneno.
Hakwenda kutazama.
Mkono wake ulibaki hewani, kama wa mtu mwingine.

Siku ya kuondoka nilihesabu.
Mfuko mmoja mtupu.
Koti la Elingaya lilikuwa limetundikwa mlangoni,
bitana imevimba upande mmoja, mshono umeachia.

Nikatafuta sindano,
uzi wa rangi ileile,
nikaufunga vizuri, kisije kikadondoka njiani.