Mwendo wa Sahani

Kaka yangu Lushinge hajui kubisha kwa upole.
Amekaa sebuleni Kirumba, shati wazi, jasho la saa tisa,
anasema mpira ni wa kandambili, si wa muziki.
Kwenye mashine yake mota imekaa chini ya sahani yenyewe,
mhimili mmoja, hakuna mshenga.
Ukibonyeza, nusu mzunguko tu, imeshashika mwendo.
Taa nyekundu pembeni inamulika vinukta vya ukingoni
navyo vinasimama tuli,
utadhani sahani imelala.

Yangu ni ya mkanda.
Mota imetengwa kando kama mgeni mwenye kikohozi;
mitetemo yake inafia kwenye mpira,
haifiki kwenye sindano.
Unangoja, ndiyo. Moja, mbili, tatu, nne,
kabla sahani haijakubali.
Lakini ikishakubali, sikiliza besi hiyo
inavyokaa chini, kama wavu uliolowa.

"Unasikia unachotaka kusikia," anasema.
"Na wewe unasikia bei," namjibu.

Tukaenda Makoroboi kwa fundi Mafuru, atuamue.
Hakutuamua. Alifunua sanduku la tatu,
kuukuu, zito kama jiwe la kusagia,
lenye kigurudumu cha mpira kilichobanwa
kati ya mota na ukingo wa sahani.
Likaunguruma chinichini, kinu cha kukoboa mpunga mtaa wa pili,
ila ngoma! Ngoma zilitupiga kifuani.
Gita likatoka na hasira za mtu aliyeamka na njaa.
"Kila moja ina namna yake ya kusukuma," akasema,
akapuliza vumbi,
akatudai elfu tatu za kusikiliza.

Jumapili tukampelekea mama kesi.
Bi Nyamizi, magoti yamevimba, kanga begani,
anachambua dagaa kwenye ungo, hatutazami.
Santuri moja, ya bendi ya Nansio iliyokwisha kusahaulika,
upande wa pili, ule wenye mkwaruzo.

Kwa Lushinge kwanza. Safi. Sahihi. Imenyooka.
Mama akatikisa kichwa: "Hawa wanakimbilia wapi?"
Kwangu. Nikangoja sifa.
"Hawa nao wanakimbia, ila kwa adabu."

Kisha, huku akitupa kokoto pembeni:
"Ile ya klabu ya wachambua pamba
ilikuwa na mkanda wa tyubu ya baiskeli.
Baba yenu aliukata kwa wembe, ukalegea siku ileile,
na miaka tisa hakuna aliyeukaza.
Mwimbaji alikuwa na sauti nzito. Alikuwa mtu mzima, amefiwa.
Huyu wenu ni kijana.
Simjui."

Tukatazamana, mimi na kaka yangu,
na mapato ya miaka yetu yote juu ya meza mbili.
Kumbe wimbo uliomwinua mama kitini,
ukamfikisha mikononi mwa baba,
ukatufikisha sisi hapa tunabishana,
ulikuwa kosa la mpira.

Lushinge hakusema neno.
Alirudi kwenye mashine yake, akashika kitelezi cha mwendo,
akakishusha kidogo. Tena kidogo.
Vinukta vikaanza kutambaa kinyumenyume,
gita likashusha mabega,
mwimbaji akazeeka miaka ishirini ndani ya ubeti mmoja.

"Hapo," mama akasema, dagaa mmoja mkononi.
"Hapo hapo. Mwacheni."

Mashine yangu haina kitelezi.
Nimeinama nyuma ya meza, najifanya napanga waya.
Dirishani ziwa linagonga mawe bila kuhesabu,
na mguu wa mama, ule mbaya, unapiga sakafu
nyuma kidogo ya ngoma,
kila mara nyuma kidogo.

Kesho nitanunua wembe.
Tyubu nimeshaiona, inaning'inia kwa fundi baiskeli pale Mabatini.
Lushinge asijue.