Mwongo Yule Yule

Saa ya mfukoni ya marehemu baba
naitia ufunguo kila alfajiri:
mizunguko kumi na minane; wa kumi na tisa inagoma.
Inatembea, hilo halina ubishi.
Ila inatembea sawa na nani?

Nilianza na king'ora cha kiwanda cha saruji.
Tororo nzima huamkia hicho,
hata majogoo wamekata tamaa.
Jumatatu saa yangu ilikuwa mbele sekunde arobaini.
Jumanne, nyuma dakika moja na ushei.
Nikaenda hadi getini kumwona anayekibonyeza:
Opendi, kikombe mkononi, makombo ya muhogo kidevuni.
"Mimi hubonyeza nikimaliza chai," akasema,
"na chai ina siku yake ya moto na siku yake ya vuguvugu."

Nikauliza simu, yangu na ya shemeji Nyafwono,
laini mbili, meza moja:
zimeachana sekunde ishirini na sita
na kila moja inanikazia uso
kama shahidi aliyekwisha kula kiapo.

Nikauliza jua. Usicheke.
Nilisimika ufito uani, nikafuata kivuli kwa mkaa,
na kilipofikia ufupi wake wote
saa za serikali zilikuwa zimeshaiacha saa sita
kwa dakika arobaini na kitu.
Kumbe adhuhuri yetu tumeazima mashariki,
kwa watu wanaolitangulia jua letu,
na ya Tororo yenyewe imebaki na ufito wangu
na kuku aliyekuja kuudonoa.

Fundi Oketcho, kibanda cha pili kutoka stesheni,
aliifungua, akaitazama kwa kioo chake cha jichoni
muda wa kutosha kuivisha maharage.
"Ni nzima. Wewe ndiye unahangaika.
Unatafuta mkweli, na mkweli hukai naye mtaa mmoja.
Tafuta mwongo yule yule:
leo anachelewa sekunde tatu, kesho tatu, mtondo tatu.
Huyo utampimia.
Lakini mkweli wa leo aliye mlevi wa kesho
atakuvurugia hesabu."

Basi redio. Ile inayokula mawe manne,
waya wake nimeufunga kwenye bati.
Saa moja jioni, kabla ya habari,
milio mitano mifupi, wa sita mrefu;
unapoanza huo, ndipo.
Huenda umetoka Kampala ukapanda angani
ukashuka kwangu umechoka. Sijali.
Unachoka vile vile kila siku.

Siku kumi na nne katika daftari la mraba:
mbele kumi na moja.
Mbele kumi na moja.
Mbele kumi na mbili, usiku wa mvua ya mawe.
Mbele tisa, nilipoilaza chali
badala ya kuitundika kwenye msumari.
Mbele kumi na moja.

"Naweza kuisogezea kijiti," Oketcho akasema,
"upana wa unywele tu, itatulia."
Nikamwambia angoje.

Maana chini ya kitambaa cha kisanduku chake
nilikuta kijitabu cha baba, cha enzi ya reli,
kimeliwa pembe moja na mchwa.
Kushoto, saa tatu asubuhi kwa telegrafu, kila siku ya Mungu.
Kulia, kwa kalamu ya risasi aliyoilamba kwanza:
mbele 11, mbele 11, mbele 12.
Ukurasa baada ya ukurasa wa treni
zilizofika na zisizofika.
Na pembezoni, mwandiko umeinama kama wa mtu aliyeitwa ghafla:
*Fundi anataka kuirekebisha. Nimekataa. Naijua.*

Sijaipeleka tena kibandani.
Jioni nasubiri mlio wa sita, naandika, nafunga daftari.
Na kesho alfajiri, nikiwa kwenye mzunguko wa kumi na saba au wa kumi na minane,
king'ora kitalia
Opendi akiisha kunywa.