Kisanduku cha Tano

Ardis Niemela aliingia na theluji begani
akaketi upande, kama waketivyo waliovunjika mgongo,
nusu kitini, nusu kwenye fimbo.
Machi, Duluth, chini ya kanisa la Walutheri,
ambako kila Jumanne mimi na kikokotoo changu
tunawajazia watu fomu za kodi bure,
na kahawa bure, nayo ina ladha ya bure.

Akaweka bahasha mezani.
"Nisomee. Mimi nimeisoma mara sita
na kila mara imenitukana upya."

Kisanduku cha tano: dola elfu thelathini na nane.

Nikaviangalia viatu vyake. Gundi na utepe.
"Ziko wapi?" nikauliza, swali la kijinga.

Miaka mitatu serikali ilimwambia: hujalemaa vya kutosha.
Miaka hiyohiyo kampuni ya bima ikamlisha,
bima aliyoilipia mwenyewe
kutoka mshahara uliokwisha kutozwa kodi,
akiinua wazee vitandani usiku kucha
hadi mzee mmoja akamwangukia.

Kisha serikali ikakiri. Malimbikizo yote, siku moja.
Wakili akakata elfu saba na mia mbili.
Bima ikaandika kwa upole: tulikulipa kupita kiasi,
tazama sahihi yako, ukurasa wa kumi na moja.
Elfu thelathini na mia moja.

"Zililala kwangu siku nne," akasema.
"Sikuwahi hata kuzizoea."
Zikabaki mia saba. Toivo akanunua matairi ya theluji.

"Basi hizi za bima zitoe. Si nilizirudisha?"

Ningependa kusema ndiyo.
Lakini sheria haiulizi pesa imelala wapi,
inauliza imebisha mlango wa nani.
Za bima hazikutozwa zilipoingia,
kwa hiyo hazipunguzi kitu zinapotoka.
Za serikali ndizo zinazohesabiwa,
hata kama zilipita kwako
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Huu unalambwa.

Kodi: elfu tatu mia nane, na senti.
Akacheka. Kicheko kikamuuma kiunoni, akakikatiza.

Kuna mlango mdogo, nikamwambia.
Tunaweza kuirudisha kila dola kwenye mwaka wake,
tupige hesabu kana kwamba ilifika kwa wakati.
Nikafungua karatasi za zamani.

Mwaka wa kwanza: upasuaji.
Wa pili: Toivo kasimamishwa kazi bandarini,
piano ya mama yake imeuzwa kwa mtu wa Superior
aliyeibeba bila kuifunika, mvua inanyesha.
"Mwaka huo andika sifuri," akasema. "Mwaka huo wote."
Na kwa kweli kodi yake ilitoka sifuri.
Nilikuwa sijawahi kuona sifuri ikimfariji mtu.

Saa nzima. Nyuma yangu watu wenye namba wakakohoa.
Mwisho: mia tisa na kumi.

Nikamgeuzia skrini, najisikia fundi.
Akaitazama muda mrefu.

"Mia tisa na kumi," akasema. "Nami nilibakiwa na mia saba.
Yaani nimeshinda kesi,
na ushindi unanidai mia mbili na kumi."

Akaomba kalamu. Akatia sahihi taratibu,
lakini kwanza akageuza karatasi,
akatafuta kama kuna ukurasa wa kumi na moja.